Kigoda cha Bafuni

"Kwa hiyo mama yangu ndiye mzito," Mshonaji alisema. "Mama yangu, ambaye upepo ukivuma mimi humshika mkono. Yeye ndiye kakivunja kigoda chako."

"Sikusema mzito. Nimesema mzee," Fundi Vigoda alijibu. "Usinilishe maneno, jirani."

"Basi rudia ulichosema, wote wasikie."

Wote tulikuwa tunasikia. Uani kwetu nyumba zimebanana kama meno, kila moja na kibafu chake nyuma, na ukipiga chafya huku, anayekuombea afya yuko kule. Walikuwa wamesimama mlangoni pa bafu la Mshonaji. Sakafuni, miguuni pao, kigoda cha plastiki cha buluu kilikuwa kimelala ubavu, mguu mmoja umebanduka na kurukia karibu na shimo la maji. Povu la sabuni lilikuwa bado halijakauka. Mama mwenyewe alishapelekwa hospitali, amelazwa kiti cha nyuma cha teksi, nyonga imevunjika, anamwomba dereva radhi kwa kumloweshea viti.

"Kila kigoda kinachotoka kwenye mashine yangu nakirukia," Fundi alisema. "Kwa miguu miwili. Mimi, na kitambi hiki."

"Kitambi tunakikubali," Mama Pacha alidakia kutoka kwenye kamba yake ya nguo. "Hicho hatukibishii."

Watu wakacheka kidogo, na labda kicheko hicho ndicho kilichomuudhi Fundi. Aliinama, akaokota ule mguu, akaugeuzageuza, akautupa. "Plastiki haivunjiki hivihivi. Mtu akishikwa na kizunguzungu, hata kitanda humwangusha."

"Nani kakwambia mama ana kizunguzungu?"

"Mzee gani hana?"

Mshonaji aliinama. Aliviokota vipande kimoja kimoja, akavitia kwenye beseni, akaingia ndani kutafuta nguo za kumpelekea mama yake hospitali. Tukadhani ugomvi umekwisha. Kumbe neno lilishatoka mdomoni, na neno likishatoka halihitaji nauli.

Mshonaji na mama yake walikuwa wawili tu katika vyumba vyao. Yeye alikaa dirishani na cherehani, mama akakaa kando yake akikata nyuzi zilizoning'inia na kutoa hukumu juu ya kila mteja aliyepita: huyu ananenepa, yule anamficha mume kitu. Kila asubuhi Mshonaji alimwogesha mama. Alimketisha kwenye kigoda, akammwagia maji, akamsugua mgongo, na sisi tuliokuwa nje tukawasikia wakibishana kuhusu maji ya moto na maji ya baridi. Asubuhi ile mteja alipiga hodi, amekuja kujaribu gauni. Mshonaji alimwacha mama ameketi, amejaa povu, anaimba. Alikuwa ndiyo kwanza ameshika komeo la mlango wa mbele aliposikia kishindo.

Kile kigoda kilikuwa zawadi. Hilo nalo linauma. Fundi mwenyewe alitugawia, kila nyumba viwili, siku mashine yake ilipomtii kwa mara ya kwanza.

Karakana iko mwisho wa mtaa, mabati matupu, na ukipita joto lake linakupiga usoni kama umefungua tanuri. Humo plastiki kuukuu huoshwa, husagwa ikawa chenga, huyeyushwa ndani ya bomba nene lenye parafujo, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, lile bumba la chuma lililochongwa umbo la kigoda kwa ndani. Ikipoa, kalibu hufunguka na kigoda hudondoka. Fundi ndiye aliyeiendesha mashine hiyo, na jina la Fundi Vigoda tulimpa sisi. Alilipenda, hata shemeji zake wakawa wanamwita hivyo.

Kilichokuwa kikimtesa ni madumu. Plastiki ya dumu ni ngumu, na ikiyeyuka ni nzito kama lami. Unaisukuma, inakataa, inafika nusu ya mguu wa kigoda, inaganda. Vigoda vikatoka mguu mmoja mrefu, mwingine kipande. Tajiri, mwenye karakana, akawa anawaambia wageni kwamba yeye amefungua hospitali ya mifupa. Fundi akachekwa mpaka akachoka. Hatimaye akapata magunia ya nta nyeupe, masalia ya kiwanda kikubwa kinachopika plastiki mpya. Nta ile nayo ni plastiki, ila laini, ukiikwaruza kwa ukucha inabanduka. Akaichanganya na chenga za madumu. Mambo yakateleza. Plastiki ikajaa kalibu mpaka kwenye unyayo wa mguu, na vigoda vikatoka vinang'aa kama viatu vya bwana harusi.

Wala hakubahatisha, ndivyo alivyojiaminisha. Karakanani kulikuwa na kipimo cha mtumba: kikopo cha chuma cha moto, unatia plastiki, unaikandamiza kwa jiwe la mzani, inachuruzika kwenye kitundu, unapima kilichochuruzika. Plastiki mpya ya dukani, ile hasa ya kutengenezea viti, ilichuruzika kiasi fulani. Mchanganyiko wa Fundi ulichuruzika kiasi kilekile. "Namba imekubali," alimwambia mkewe siku hiyo, kwa uso wa mtu aliyefaulu mtihani wa mwisho. Kisha akavirukia, kimoja kimoja, na kuja kutugawia.

Kaka yake Mshonaji alifika jioni ya siku ile ya ugomvi. Ni muuza vipuri vya magari, mtu wa shati lililonyooka na sauti ya kuzoea kushindana na injini. Alitoka hospitali moja kwa moja, akasimama katikati ya ua.

"Naambiwa mama alikuwa na kizunguzungu."

"Hakuwa nacho, kaka."

"Hapo mtaani wamenieleza, na aliyesema ni jirani yako mwenyewe. Sasa mtu wa kizunguzungu unamwacha bafuni peke yake, na sabuni machoni?"

"Mteja alipiga hodi. Nilikwenda kufungua."

"Mteja." Kaka alilirudia neno hilo polepole, kama anaonja kitu kilichochacha. Akageuka, akamwona Fundi amekaa kizingitini kwake na kikombe cha chai. "Bwana, si ndivyo ulivyosema? Kizunguzungu?"

Fundi aliangalia chai yake. "Nilisema wazee huwa nacho."

"Basi."

Hiyo "huwa" ndiyo aliyojifichia Fundi. Hakusema mama yule anacho, alisema wazee huwa nacho, na mtu asingeweza kumkamata kwa hilo. Lakini Mshonaji alimtazama kwa namna ambayo mkewe Fundi alilazimika kuingia ndani.

Mama alipotoka hospitali, kaka hakumrudisha uani. Alimpeleka kwake, kwenye nyumba yenye geti, akatangaza kwa ukoo mzima kwamba mama sasa atatunzwa na watu wenye nafasi ya kumtunza. Mshonaji alikwenda kila alipomaliza nguo, na chupa ya maziwa ya moto mkononi. Getini alikutana na wifi yake.

"Amelala, wifi."

Kesho yake amelala. Siku iliyofuata amelala. Alirudi na chupa ileile imejaa, akawagawia watoto wetu maziwa, na Mama Pacha akasema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuona mgonjwa wa nyonga analala kama paka wa duka. Mashangazi wakaacha kumpigia simu Mshonaji. Binamu yake mmoja alikutana naye sokoni, akajifanya anachagua vitunguu mpaka amepita. Cherehani ikawa inasikika siku nzima bila kupumzika, kwa sababu ikinyamaza ilimbidi afikirie. Jambo alilolitaka lilikuwa moja tu: mtu aseme, mbele ya nduguze, kwamba mama alianguka kwa sababu kigoda kilivunjika, si kwamba kigoda kilivunjika kwa sababu mama alianguka.

Mke wa Fundi ndiye aliyeanza, bila kujua anaanza nini. Alikuwa anafua uani, amekalia kigoda chao, akasimama kukung'uta shuka, akakitazama.

"Baba nanihii, kigoda chako kimeota mvi."

Fundi alikuja akicheka. Akakipindua. Kwenye shina la mguu, pale mguu unapoungana na kiti, palikuwa na mistari myeupe myembamba, kweli kama unywele wa mzee. Aliupitisha ukucha, ukucha ukanasa. Zilikuwa nyufa. Akaingia jikoni, akachukua kigoda cha pili, pacha wake, wa siku ileile na rangi ileile, kinachokaliwa wakati wa kupika. Kilikuwa safi.

Akakaa chini kati ya vigoda viwili. Kisha akainuka, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Unatafuta nini, Fundi?" Mama Pacha alimuuliza. "Kama ni chawa, kagua vichwa, huko chini hawakai."

"Hiki mnakitumia wapi?"

"Hicho cha kufulia. Kile wanakalia pacha kutazama katuni."

Cha kufulia kilikuwa na mvi. Cha katuni, pamoja na kwamba pacha wale wawili hukikalia kwa pamoja na kukipanda kama punda, hakikuwa na kitu. Nyumba iliyofuata, cha bafuni kina mvi, cha barazani hakina. Iliyofuata, vivyo hivyo. Mama Pacha alikuwa anamfuata nyuma, kwa sababu jambo linalotokea uani bila yeye halijatokea, na mdomo wake ni mrefu lakini akili yake si fupi.

"Ni sabuni," alisema.

Fundi alikuwa anakipindua tena kile cha mwisho.

"Fundi. Mama yule hakuwa na kizunguzungu."

"Ngoja kwanza nikaulize wanaojua."

"Haya kaulize. Lakini usiulize mpaka kukuche."

Zamani Fundi aliwahi kuwa kibarua kwenye kiwanda cha mabomba ya maji, na huko kulikuwa na mwanamke mkuu wa maabara waliyemwita Bi Maabara, mwenye miwani shingoni na tabia ya kunusa kila kitu kabla hajakigusa. Alimkuta bado yupo, akamwekea mezani vigoda vyake viwili. Alikinusa kigoda chenye mvi, akakikwaruza, akauliza kuna nini ndani. Fundi akamwambia: madumu na nta. Akamtajia na namba ya kipimo, kwa fahari kidogo bado.

"Plastiki ni nini, Fundi?"

"Ni nyuzi, Bi."

"Unakumbuka. Nyuzi nyembamba ambazo jicho halizioni. Na hakuna plastiki yenye nyuzi za urefu mmoja, daima kuna ndefu na fupi pamoja. Ikipoa, zinajikunja mafungu mafungu, kama nguo kabatini. Uzi mrefu unajikunja kwenye fungu hili, unabaki na mkia, mkia unakwenda kujikunja kwenye fungu la pili. Hapo mafungu yameshonwa. Uzi mfupi unajikunja peke yake, umekwisha. Haumshiki jirani."

"Lakini namba ilikubali, Bi. Sawa na ya dukani."

"Namba yako ni ya wote kwa pamoja. Mchukue mtu mrefu kama mlingoti, mchukue na mtoto anayetambaa, jumlisha vimo vyao ugawe kwa mbili. Utapata mtu wa kimo cha kawaida. Sasa mwite huyo mtu wa kawaida aje abebe gunia. Yuko wapi?"

Fundi aliushika mguu wa kigoda.

"Plastiki ya viti imejaa watu wa kawaida na warefu. Yako ina warefu wachache, nao wamekatikakatika kwa kusagwa na kuchemshwa kila mara, na kundi kubwa la watoto wachanga. Nta ni hao watoto. Kwenye mashine wanakufurahisha, kwa sababu wanateleza na kuwapitisha warefu. Lakini ikipoa wamejazana katikati ya mafungu, mahali panapotakiwa kushonwa. Na hasa hapa," aligusa shina la mguu, "ambapo mikondo miwili ya plastiki hukutana ndani ya kalibu."

"Nilivirukia vyote."

"Ulivirukia vikavu, mara moja, ukashuka. Kuruka ni kofi. Sabuni haipigi kofi. Inapenya taratibu pale panapovutwa, inayaachanisha mafungu, leo kidogo, kesho kidogo, na mtu amekaa juu anaoga. Mabomba yetu tunayajaribu kwenye maji ya sabuni ya moto kwa sababu hiyohiyo."

Alikata vipande viwili vyembamba kutoka kwenye kigoda cha jikoni kisicho na mvi, akavichanja kidogo kwa wembe, akavikunja kama upinde na kuvibana. Kimoja akakitia kwenye maji matupu ya moto, kingine kwenye maji ya moto ya sabuni. Akamwambia arudi.

Aliporudi, cha maji matupu kilikuwa bado upinde. Cha sabuni kilikuwa vipande viwili, kimekatika safi kama biskuti, bila kuvutika hata kidogo. Bi Maabara alivifunga kwenye karatasi, akampa.

"Vigoda vyenyewe viko wapi?"

"Kwa watu."

"Basi unafanya nini hapa kwangu?"

Lakini Fundi hakwenda kwa watu. Alikwenda kwa Tajiri. Alivitandaza vile vipande juu ya meza, akaeleza, na Tajiri akasikiliza mpaka mwisho huku akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama Pacha."

"Basi mtaa mzima unajua nusu yake." Tajiri akavuta pumzi. "Sikiliza. Vigoda tutavikusanya polepole, tutasema tunabadilisha rangi. La yule bibi liache. Wazee huanguka. Ulisema kizunguzungu, kaa nacho. Ukifungua mdomo, hapa panafungwa, na wenzako wote wanarudi barabarani. Na aliyechanganya si mimi. Mimi hiyo nta siijui hata kwa sura."

Fundi akaitia karatasi kwenye mfuko wa shati. Alikwenda nayo kazini na kurudi nayo. Kigoda kimoja kimoja kilianza kuondoka uani kwa kisingizio cha rangi, na Mama Pacha akamwambia mbele ya watu kwamba rangi ya ukweli haijawahi kuwa ya buluu. Fundi akapita. Alianza kuzunguka njia nyingine kwenda karakanani, njia ndefu isiyo na sababu, inayopita mbele ya nyumba yenye geti ya kaka yake Mshonaji. Mchana mmoja alifika mpaka getini. Wifi akatoka, akamuuliza anamtaka nani. Fundi alishika mfuko wa shati, akafungua mdomo, akasema samahani, amepotea njia.

Mama alikuwa ndani, hai, chumba cha pili kutoka barazani. Nyonga ilikuwa haijaunga na kifua kilishaanza kujaa maji, kama inavyowapata wazee waliolala chali muda mrefu. Akafa wiki hiyohiyo, kabla jua halijapanda sawasawa, na Mshonaji aliletewa habari na muuza maji.

Msiba uliwekwa kwa kaka. Tulikwenda wote, ua mzima, tukamzika mama, tukarudi kula kama watu wanavyorudi kula. Ndani walikaa ndugu. Mshonaji alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye moto, na masufuria. Si kwamba alipangiwa kupika. Alipofika asubuhi na kutaka kuketi na mashangazi zake, kaka alisema, bila hata kupandisha sauti, kwamba aliyemwacha mama bafuni hana pa kukaa humu. Mashangazi wakatazama mkeka. Yeye akatoka, akashika mwiko kwa sababu mkono unataka kushika kitu. Sisi majirani tukamfuata huko nyuma, tukawa tunamenya na kuosha, Mama Pacha naye.

Ndipo Fundi alipoingia getini. Mabegani amebeba gunia kubwa lenye pembepembe, na kila akikanyaga lilikuwa likigongana ndani: kwakwakwa. Alivikusanya vigoda vyote vilivyobaki mtaani asubuhi ile, sisi tukiwa makaburini, vya bafuni na vya jikoni, na aliowakuta nyumbani aliwaambia kwa nini. Alilitua gunia barazani, akavua viatu, akasimama mlangoni ambako wa ndani na wa nje wote wangemsikia.

"Nimekuja kusema neno."

Kaka alimtambua. "Sema, jirani."

"Mama hakuwa na kizunguzungu. Kigoda ndicho kilichovunjika. Nilikitengeneza mimi, nilikichanganya mimi, na kingevunjika hata angekaa nani." Akatoa karatasi mfukoni, akaifungua, akaonyesha kipande kilichopinda na kipande kilichokatika. Alieleza kama alivyoelezwa, kwa kujikwaa, akirudi nyuma na kuanza tena. Alipoona macho ya mashangazi yanapotea, alimtafuta Mshonaji, ambaye alikuwa amesogea mpaka kwenye pembe ya nyumba na mwiko mkononi, akamwambia yeye: "Ni kama nguo iliyoshonwa kwa uzi uliokatikakatika."

"Siku ya kujaribu inapendeza," Mshonaji alisema.

"Ndiyo."

"Inaachia kwenye kufuliwa."

"Ndiyo, jirani."

Kaka alikuwa amesimama. "Siku ile nilikuuliza, mbele ya watu. Kwa nini ulisema kizunguzungu?"

"Nilikuwa natetea kigoda."

"Na haya umeyajua lini?"

Fundi angeweza kusema jana. Hakuna ambaye angekagua. "Mama alikuwa bado hai," alisema.

"Ndiye huyu," sauti ya wifi ilitoka ndani. "Ndiye yule aliyefika hapa akasema kapotea njia."

Tulidhani kaka atampiga, na wanaume wawili walishajisogeza. Hakumpiga. Alimtazama tu, muda mrefu, kama anatafuta ndani ya uso wake kipuri fulani na hakioni. Kisha akasema, "Toka."

Fundi akavaa viatu. Akalibeba gunia lake, vigoda vikaanza tena kugongana, na hakuna aliyemsindikiza. Karakana ilikuwa tayari imefungwa kufuli kabla hajafika mwisho wa mtaa. Tajiri alishapigiwa simu. Wenzake walikuwa wamekaa nje ya mabati, na walipomwona hawakumwamkia. Alipofika uani alikumbuka kwamba kile kigoda cha katuni hakimo guniani, pacha walikificha uvunguni. Akakaa kwenye kizingiti cha Mama Pacha kungoja wenyewe warudi wampe.

Kule msibani chakula kilipakuliwa. Mshonaji alikuwa amerudi kwenye moto. Alichukua sufuria kubwa iliyokuwa tupu, akaigeuzia jua, akaanza kuisugua kwa jivu, na alikuwa anaisugua hata mahali palipokwisha kung'aa. Kaka alitokea kwenye pembe ya nyumba. Sisi tukainuka, kila mmoja akakumbuka kitu cha kufanya hatua kadhaa kutoka pale, lakini si mbali kiasi cha kutosikia.

Alisimama karibu na moshi, shati lake limekunjamana kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Mshonaji hakuinua kichwa.

"Kaka, nilipokuwa nikija, wifi alikuwa ananiambia mama amelala."

"Ndiyo."

"Alikuwa amelala?"

Kaka alitazama viatu vyake. "Hapana."

Jivu liliendelea kukwaruza. "Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anakuuliza wewe." Akasogeza kuni kwa ncha ya kiatu. "Kila siku. Alitaka kujua ile hodi ilikuwa ya nani. Kama yule mteja gauni lilimkaa."

Mkono wa Mshonaji ukasimama ndani ya sufuria. Mama Pacha, aliyejifanya anachambua majani ya chai, aliuma upindo wa kanga yake.

"Lilimkaa?" kaka akauliza.

"Hakulijaribu. Lipo nyumbani bado."

Kaka alichuchumaa mbele yake, akaitoa sufuria mikononi mwake, akaiweka chini. Alisubiri ampe mkono, na alipoona hatoi, aliushika mwenyewe, na jivu lake.

"Simama, mdogo wangu," alisema. "Ingia ndani ule."